Dole Lenye Kovu

Parokiani,
Sumbawanga.
14 Novemba 1998

Mpendwa dada Bertilla,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Ni mimi mdogo wako Felisian. Hali zenu huko Tabora? Shemeji kifua kimepoa? Na watoto je, wamezoea hilo joto lenu? Sisi huku tu wazima kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa mzima mwaka huu: tunakula, tunalala, tunaamka. Mvua zimeanza kudondoka na kumbikumbi wametoka mapema. Mama anakusalimu sana. Nyonga ya kushoto bado inamsumbua, lakini ulimi haujambo kabisa.

Barua yako ya Septemba niliipata. Unauliza kwa nini mama hataki kuja kwako umtibu hiyo nyonga, na mbona mimi, msomi wa nyumba, nashindwa hata kumshawishi apande lori mpaka Mpanda akapate treni. Uliandika kwa hasira, na haki unayo. Jibu fupi ni kwamba mama alikuwa anangoja majibu ya serikali. Jibu refu ndilo hili. Litachukua karatasi nyingi, na ukifika mwisho utatamani ningekupa lile fupi tu.

Unaikumbuka Lusele, mbuga ile ya nyuma ya kilima, ambako marehemu baba alitupeleka kufukia majani tukiwa wadogo. Mwaka sabini na tano ilichukuliwa ikawa ranchi ya ushirika, na wazee wakaahidiwa kwa mdomo kwamba ranchi ikifa ardhi itarudi kwa wenyewe. Ranchi ilikufa wewe ukiwa umeshaolewa. Ng'ombe waliisha, mabati yakang'olewa, na watu wakarudi kimya kimya na majembe yao. Miaka kumi na minne tumelima pale ulezi, mahindi na maharage, na hakuna aliyetuuliza. Tukadhani kimya cha serikali ni ruhusa. Kumbe ilikuwa imesahau tu, na zama hizi za ubinafsishaji kitu kilichosahauliwa hukumbukwa siku kinapopata mnunuzi.

Januari walikuja wapima ardhi. Hawakupitia kwa mwenyekiti wala kwa padri. Walichimbia mawe yao ya saruji, na moja wakalisimamisha katikati ya ulezi wa mama. Mama aliwauliza wanafanya nini, wakamjibu wanapima. Akauliza wanampimia nani, wakamwambia bibi, nenda kapumzike. Siku hiyo aliporudi nyumbani hakula.

Mkutano wa kijiji ulifanyika Februari. Baltazari, ambaye bado ndiye mwenyekiti wetu, alisimama akasema habari hizo zimetoka juu, kwamba Lusele imepata mwekezaji wa ng'ombe wa kisasa, na kwamba serikali haishindani na mtu. Alishauri tuwe wapole, huenda tukafikiriwa. Wanaume wote tukaangalia viatu vyetu. Mama ndiye aliyenyanyuka, ameshikilia fimbo yake, akasema yeye hataki kushindana na serikali, anataka kuiambia jambo. Akaeleza habari za babu, baba yake, alivyokwenda kwa miguu hadi boma wakati wa Waingereza, na barua aliyoandikiwa na mwalimu wa misheni, kulalamikia watu kupigwa wakijenga barabara. Boma lilikataa malalamiko yake, lakini lilimjibu kwa karatasi, na karatasi hiyo babu aliiweka kwenye kitabu cha sala mpaka anakufa. Basi, alisema mama, kama mkoloni aliweza kujibu, hawa tuliowapigia kura wenyewe watashindwaje? Mtoto akilia hujibiwa, hata kama ni kwa kofi.

Aliyeunga mkono kwanza alikuwa Masanja. Humjui, alihamia mwaka tisini na moja na ng'ombe wake na wake wawili, katika wale waliotoka upande wa Shinyanga. Wengi hapa walikuwa hawampendi. Ng'ombe wake walikuwa hawajui mpaka. Lakini siku ile alisema kwamba yeye amefukuzwa mara tatu katika nchi hii na mara zote hakusema kitu, na safari hii anataka aseme kwanza. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Ikaamuliwa tuandike barua kwa serikali, wilaya hadi taifa, na mwandishi niwe mimi.

Ungeniona, dada. Tangu ushirika utupunguze kazini mwaka tisini na nne, hakuna aliyekuwa ananiita karani tena. Nilikuwa Felisian wa Rozina, mtu mzima anayelima shamba la mama yake. Siku ile watu sitini walinigeukia, na Baltazari akaniita Bwana Karani mbele ya mkutano. Nilinyoosha kola ya shati.

Maneno yalichukua wiki mbili. Unawajua watu wetu, Mfipa hawezi kudai jembe lake bila kwanza kukuuliza hali ya shamba lako. Wazee walitaka tuanze kwa kushukuru: barabara, zahanati, amani. Masanja alikuwa anatikisa kichwa, anasema mkishukuru hivyo watadhani mmefurahi. Yeye alitaka neno moja tu, hatutaki. Mwishowe tukapatana: shukrani mistari mitatu, malalamiko kurasa mbili, na mwisho kabisa maneno ya Masanja, kwamba wananchi wa kijiji hiki hatukubali Lusele iuzwe, na tunaomba tujibiwe kwa maandishi.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo jambo lilipoharibikia. Tulikuwa tumefika Machi, mvua zinakaribia kukatika, na majani yasipofukiwa ardhi ikiwa bado laini, hakuna ntumba, yale matuta yetu ya majani, na bila ntumba hakuna chakula mwakani. Watu walikuwa wanalala mashambani. Kuwakusanya wasomewe barua isingewezekana. Mama alikuwa ameandaa pombe ya ulezi ya kuitia watu wamsaidie kufukia, nami nikasema basi, siku hiyohiyo wakishafukia watie madole, barua nitaimalizia kwa nafasi nyumbani kwenye karatasi nyingine, niiambatanishe. Hakuna aliyeshangaa. Ushirika ulitulea hivyo. Msimu wa mahindi foleni ilikuwa ndefu, mkulima alikuwa anatia dole kwenye fomu tupu, anakwenda zake, karani anajaza baadaye. Miaka kumi na moja nilifanya kazi hiyo, na watu wa hapa wamezoea kwamba dole linatangulia na maneno yanafuata.

Kile kibati cha wino wa muhuri nilichoondoka nacho ushirika nilikiweka juu ya jembe lililolazwa. Walikuja mmoja mmoja wakitoka kwenye majani, mikono ina udongo mpaka kwenye viwiko, wanapangusa dole kwenye nguo, wanagandamiza. Karatasi tatu, juu hazikuwa na neno hata moja, chini majina na madole mia mbili na kumi na manne. La kwanza lilikuwa la mama. Unalijua dole lake, lile alilojikata na mundu akiwa msichana, lina kovu limepita katikati kama mfereji. Wino wa zambarau ulikaa vidoleni mwa watu wiki nzima. Kanisani Jumapili ile, watu walipopokea ekaristi, padri aliuliza kama kuna uchaguzi.

Aprili nilikwenda mjini. Nililala kwa binamu yetu Cornelia kule Izia, na kila asubuhi nilikuwa naingia ofisini na bahasha yangu. Meza ya kwanza ilinituma ya pili, ya pili ikanituma kwa mtu aliyekuwa safarini Matai. Njoo kesho. Mhusika hayupo. Umeandika kwa mkono? Nakala ziko wapi? Kijiji chenu kimepitisha kwa kata? Siku ya nne bwana mmoja wa ofisi ile, aliyevaa suti ya mikono mifupi, alitoka akaniita ndani mwenyewe. Nilirudi nyumbani kesho yake nikawaambia watu kwamba barua imepokelewa, tungoje. Na kweli ilipokelewa.

Mama alingoja kama mtu anayengoja posa ya binti yake. Barua za kijiji huja parokiani siku ya Alhamisi, na kila Alhamisi alikuwa anakwenda na fimbo yake, na ile nyonga, kilomita saba kwenda na saba kurudi, kuuliza kama serikali imeandika. Mei, Juni na upepo wake ule wa kukata masikio, Julai tukivuna. Nilimwambia nitakwenda mimi, akasema hapana, barua ina dole lake la kwanza, lazima akute mwenyewe yupo. Ndiyo sababu hakuja kwako. Alisema akiondoka na majibu yakafika, watasema mwenye malalamiko ameshahama.

Majibu yalikuja Oktoba, na hayakuja kwa posta. Yalikuja na magari mawili, askari sita na yule bwana wa suti ya mikono mifupi. Wakaitisha mkutano. Bwana yule alifungua faili akatusomea kwamba wananchi wa kijiji hiki, katika barua yao, wanaishukuru serikali kwa kuwaletea mwekezaji, wanaukubali mpango wa Lusele kwa moyo mkunjufu, na wanaomba tu kwamba yeye mwekezaji awafikirie kwa ajira. Kisha akainua karatasi tatu zenye wino wa zambarau. Watu mia mbili na kumi na wanne, alisema, wamekubali kwa hiari yao wenyewe.

Mama alikwenda mbele akaomba aone. Askari alitaka kumzuia, lakini bwana yule, kwa kujiamini, akamwonyesha. Unajua mama hajui kusoma hata jina lake. Aliinama, akalitazama dole la kwanza kwa muda mrefu, kisha akaweka lake pembeni mwake, kovu kwa kovu. Akasema kwa sauti ya kawaida tu kwamba dole hili ni langu, ila maneno si yangu. Bwana yule akafunga faili. Masanja alirukia lile faili, na yaliyofuata usiniulize. Walimpiga mbele ya watoto wake. Alikaa mahabusu siku sita, na alipotoka alikusanya ng'ombe wake akateremka nao bondeni, upande wa Ilemba. Kabla ya kuondoka alikuja kuniaga mimi, dada. Alinishika mkono akasema nilijitahidi, si kosa langu, wakubwa wana hila.

Kijiji kiliamini hivyo. Waliamini ofisi imetupa barua yetu na kuandika nyingine. Wengine waliminya macho wakimtazama Baltazari, wakasema kikulacho ki nguoni mwako. Niliitikia pamoja nao. Niliitikia kwa sauti, nikaongeza kwamba hata mimi simwelewi mwenyekiti siku hizi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimechoka kuyaficha haya.

Barua ile niliandika mimi. Hakuna aliyeghushi. Ni mwandiko wangu tangu anwani mpaka mwisho. Siku ile ya nne, bwana yule alinipa kiti, akaagiza chai na maandazi, akaniita Bwana Karani bila kuambiwa na mtu kwamba nilikuwa karani. Alisoma barua yetu akacheka kwa upole, akasema imeandikwa na mtu mwenye elimu, lakini lugha hii itawaumiza watu wenu, wataonekana wapinzani. Akasema tuiandike upya hapahapa yeye akinisaidia, maana madole yapo tayari kwenye karatasi zake, na hayataharibika. Kisha akasema shamba jipya litahitaji karani mwenyeji, mtu anayejua kutunza vitabu, na kwamba jina langu analo sasa. Akanisogezea karatasi.

Nikwambie nilidanganywa? Wengi wangekwambia hivyo, na ningependa uamini. Lakini nilipofika kwenye neno tunaukubali, kalamu ilisimama. Nilijua. Nilimkumbuka mama amepiga magoti kwenye majani, anapangusa dole lake kwenye kanga. Nikafikiria pia kurudi kwangu kijijini, kuitwa tena Felisian wa Rozina. Bwana yule hakunisukuma wala hakunitisha. Alikuwa anakoroga chai. Nikaandika. Mwandiko wangu siku ile ulikuwa mzuri kuliko ninavyokuandikia sasa.

Na ile kazi, usije ukadhani niliipata. Mwekezaji amekuja na karani wake kutoka mbali, ana mashine ya kuchapa. Nilipokwenda kuuliza, mlinzi wa geti hakunifungulia. Limewekwa pale pale lilipokuwa shamba la mama, hilo geti.

Baltazari anajua. Alikuwa amesimama karibu siku faili lilipofunguliwa, naye ndiye anayepokea mihtasari yangu ya mikutano, anaufahamu mwandiko. Aliuona, akanitazama, akainamisha kichwa. Watu wanamwita msaliti kwa ajili yangu, na hajasema neno. Sijui kama ananihurumia au anaogopa kwamba nami nina la kusema juu yake. Kila tukikutana tunasalimiana vizuri sana.

Nilidhani ni yeye peke yake. Jumatatu hii mama alinifuata jikoni akaniambia nichukue karatasi, anataka kuandika tena. Sasa ni jina lake tu, watu wengine wanaogopa. Alinitajia maneno taratibu. Mimi Rozina, mjane wa Wilibrodi, sikuukubali mpango wa Lusele. Dole mlilonalo ni langu na nilitoa kwa maneno mengine. Naomba nirudishiwe dole langu, na naomba nijibiwe. Basi. Niliandika kama alivyosema, neno kwa neno, naapa kwa jina la baba yetu. Nikamsogezea kile kibati cha wino.

Hakutia dole. Alinyanyuka akaenda mlangoni akamwita Kristiana, mke wa Baltazari, yule anayesomea jumuiya masomo ya Jumapili. Kristiana alikuja na mikono ina unga. Mama akachukua karatasi mbele yangu, akampa, akamwomba amsomee ilivyoandikwa. Kristiana akasoma. Mama akamwomba arudie. Akarudia. Ndipo mama akasema haya, safari hii maneno yametangulia, akagandamiza dole lake.

Hakunitazama. Aliniambia nifunike wino usikauke. Jioni alinipikia ugali wa ulezi na maharage, akanitengea nyama iliyokuwa moja tu, akaniuliza kama chumvi imekolea. Ningefurahi angenipiga fimbo.

Alhamisi alfajiri waliondoka na Kristiana, wakapanda lori la mbao. Alikataa nimsindikize. Alisema nibaki nichunge kuku. Leo ni siku ya tatu. Cornelia amenitumia habari kwamba mama anakaa kwenye benchi la nje la ofisi ile tangu inafunguliwa mpaka inafungwa, karatasi iko kifuani ndani ya kanga, hampi mtu yeyote asiyemwandikia kwamba amepokea. Wanamwambia njoo kesho, naye anakuja kesho.

Dada, ninakuomba jambo moja tu, na sina haki ya kuomba hata hilo. Usiichome barua hii kwa hasira. Njoo nayo. Mwandiko huu ndio ule ulio kwenye faili lao. Nimeandika polepole, sikubadili hata herufi moja, ili yeyote atakayetaka aziweke pamoja alinganishe. Mpelekee mama pale kwenye benchi, akae nayo pamoja na yake. Mimi kesho Jumapili nitakwenda kanisani baada ya misa ya asubuhi nisimame mbele ya watu niwaeleze, nianze na Baltazari. Nikishindwa kufungua mdomo, na unanijua, barua hii itasema badala yangu.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mwambie mdogo wao yule wa mwisho kwamba mjomba hajasahau kibuyu alichomwahidi. Wasalimie na majirani. Ukija, uje na dawa ya nyonga, na koti, Ufipa bado baridi asubuhi.

Chini ya jina langu nimetia dole gumba, ingawa najua kuandika. Nimetia mwisho, baada ya kuisoma yote mara mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Felisian Wilibrodi